Kusoma ni Ijumaa

Jumatatu asubuhi, kabla uji haujapoa, Anti alikuwa ameshapiga magoti mlangoni mwa bweni akikusanya viatu. Watoto walipanga foleni wenyewe, hawakuhitaji kuambiwa. Aliyefika mbele alikaa chini, akanyoosha miguu, akavuliwa, akaenda zake. Viatu viliingia kwenye gunia: raba zilizochoka, ndara za kila rangi, na vile vyeusi vya ngozi vilivyoletwa na wageni fulani waliolia walipoona miguu mitupu. Gunia lilipojaa, Mpishi alilibeba akalificha stoo, nyuma ya kuni.

"Viatu vya hapa vina raha," alisema Mpishi aliporudi, akijifuta mikono kwenye aproni. "Kazi yake Jumapili tu, tena kuzunguka uani."

"Usinichekeshe, mwenzangu. Gari linakuja."

Gari la wageni lilikuja kila Jumatatu na kuondoka kila Jumamosi. Walitoka ng'ambo, vijana wengi wao, na kila mmoja alikuwa amelipa huko kwao ili apate kuja kujitolea: kuogesha mayatima, kuwalisha, kuwafundisha, na kupaka ukuta rangi. Ukuta ulikuwa ule ule mmoja wa darasa. Kundi hili likipaka njano, linalofuata linapaka bluu, na Jumapili mlinzi anaukwangua hapa na pale usije ukaonekana mpya. Ubao nao ulifutwa kila Jumamosi. Jumatatu yake watu wapya walianza upya na a, e, i, o, u, na watoto waliitikia kwa sauti ya watu waliokwisha kuchoshwa na wimbo, wakapigiwa makofi.

"Wageni wakikuta watoto wanajua kila kitu, watafundisha nini?" alipenda kusema Mkurugenzi, mwenye kituo, ambaye watoto walifundishwa kumwita Baba. "Watarudi kwao wakasema tumewapotezea muda. Jumatatu mtoto hajui. Jumatano anajua nusu. Ijumaa anasoma, mgeni anafurahi, na sisi tunakula. Kuna ugumu gani hapo?"

Na hakuna aliyesoma Ijumaa kama Chiriku.

Alikuwa na miaka sita inayokwenda saba, na jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Kusoma alijifunza kwa vipande vipande, kila kundi likimwachia kidogo, mpaka siku moja akawa anasoma tu: maandishi ya sabuni, ya magunia ya unga, ya makopo ya rangi. Lakini Jumatatu ukimwekea herufi mbele, aliinamisha shingo upande, akacheka kwa aibu na kuziba mdomo kwa kiganja, akangoja afundishwe. Mtu mzima yeyote angeyeyuka. Mkurugenzi alikuwa akisema mtoto yule ni baraka ya nyumba.

Chiriku hakuwa yatima. Mama yake ndiye aliyekuwa akivua watoto viatu.

Anti aliletwa hapo na shida. Mume aliondoka kwenda kutafuta kazi mbali, na mpaka leo bado anaitafuta. Kazi ya ulezi ilikuwa ya kulala hapo hapo, na Mkurugenzi alimruhusu aje na mtoto kwa sharti moja, alilolitoa kwa upole kabisa, maana mtu yule hakuwahi kupandisha sauti. "Hii ni nyumba ya mayatima. Mtoto mwenye mama atafanya nini humu? Akuite Anti kama wenzake. Ale, alale, asome. Nani atakupa hayo huko nje?" Basi akawa Anti kwa mwanawe pia, mbele za watu na hata wakiwa wawili tu, kwa sababu Mkurugenzi alitaka mazoea, na mazoea yakaja.

Kundi la wiki ile lilikuwa na msichana mmoja wa miwani, mwembamba, mwenye bidii mpaka unamwonea huruma. Wenzake wakipiga picha, yeye alisugua masufuria. Siku ya kwanza tu alishika majina ya watoto wote. Alimpenda Chiriku, na Chiriku alimfanyia yote yanayotakiwa: Jumatatu akashangaa, Jumatano akakwamia katikati ya neno, na Ijumaa akasimama mbele ya ubao akasoma mstari mzima bila kumeza mate: Mama anapika jikoni. Wageni walilipuka kwa makofi. Msichana wa miwani alimnyanyua, akatoka naye nje hadi kwenye karo, Anti alipokuwa akifua mashuka. Mkurugenzi alikuja nyuma yao taratibu. Hakuwaacha wageni wazungumze na wafanyakazi peke yao.

"Mama yake..." Msichana alikuwa na maneno machache, yote ya kwenye kijitabu. "Mama yake, wapi?"

Anti aliinua macho, akamtazama Mkurugenzi.

"Mwambie, Anti. Usimfiche mgeni wetu."

"Hayupo."

"Hayupo?" Neno hilo kijitabu hakikuwa nalo.

"Mwambie aelewe," alisema Mkurugenzi. "Wewe si ndiye uliyempokea mtoto?"

Povu lilikuwa linakauka mikononi mwa Anti. Chiriku, juu ya kiuno cha mgeni, alimkodolea macho akingoja kusikia atakachosema.

"Amekufa," alisema Anti.

Msichana alivua miwani. Alilia kweli, kilio cha mtu mwenye moyo safi, akamwangukia Anti begani na mtoto akiwa katikati yao. Anti afanye nini? Alimpigapiga mgongoni kwa mkono wenye sabuni, akimwambia pole, nyamaza mwanangu, pole, akimfariji mgeni kwa kifo chake yeye mwenyewe Anti. Mkurugenzi alitoa simu akawapiga picha.

Jioni ile Anti alijifungia chooni akampigia mdogo wake, fundi cherehani aliyekuwa amepanga chumba upande wa pili wa mji, jirani na shule ya serikali.

"Dada, si nilikwambia zamani? Mlete," alisema mdogo wake. "Lakini awe na shule. Siwezi kushinda kwenye cherehani huku mtoto anazurura barabarani."

"Wanapima watoto lini?"

"Jumatatu hii, ndiyo ya mwisho. Nafasi zenyewe za kugombania. Anayejua kusoma anaingia darasa la kwanza. Asiyejua, mwakani."

"Chiriku? Atawasomea mpaka waombe poo."

"Basi fanya hima. Ila mwaka huu, dada. Mwakani sijui nitakuwa wapi, mwenye nyumba hanipi pumzi."

Anti alikaa juu ya ndoo muda mrefu. Mtoto akiingia shule ile, atalala kwa mama yake mdogo, atavaa viatu siku zote za wiki, na Jumapili mama yake atakwenda kumwona kama mama mwingine yeyote, aitwe Mama mpaka achoke kuitikia. Hakuwa ametamani kitu namna ile kwa miaka mingi, na kukitamani kulimchosha zaidi ya kufua.

Jumatatu alimwambia Mkurugenzi kwamba mtoto anaharisha, anampeleka zahanati.

"Muwahi kurudi," alisema Mkurugenzi. "Wageni wapya wanaingia leo, na unajua wewe mwenyewe. Huyo ndiye anayetulisha humu."

Vile viatu vyeusi alivitoa kwenye gunia kabla Mpishi hajalibeba. Mpishi aliona, akageuza uso akaendelea kukoroga uji.

Njiani Chiriku hakusaza ubao wala ukuta. Alisoma duka la dawa, alisoma fundi viatu, alisoma chumba kinapangishwa. Alisoma USIKOJOE HAPA kwa sauti ya kuhubiri, mbele ya mzee aliyekuwa akifanya hivyo hivyo, na mzee akafunga suruali akaondoka akinung'unika. Anti alicheka mpaka akashika mbavu. Zilikuwa zimepita siku nyingi hajacheka vile. Alimkumbusha mtoto kupenga kamasi, kuamkia wakubwa, kutokaa kabla hajaambiwa, kutozungumza ovyo. Alimkumbusha kila kitu alichodhani kinaweza kumharibia. La kusoma hakuligusa. Mtoto anayesoma kuta za mji mzima, umkumbushe asome?

Shuleni wazazi walijaa barazani. Watoto waliingia mmoja mmoja, wazazi wakabaki kwenye dirisha lisilo na kioo. Mwalimu Mkuu alikuwa mama mtu mzima, sauti imekwisha kwa miaka ya kupiga kelele, lakini kwa watoto alikuwa na tabasamu lisilo la kulazimisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wanakuitaje?"

"Chiriku."

Mwalimu alicheka. "Haya, Chiriku. Sogea hapa ubaoni. Hii ni herufi gani?"

Chiriku aliitazama a. Akamtazama mwalimu: mtu mzima asiyemjua, mwenye tabasamu, amesimama kando ya ubao, kidole juu ya herufi ya kwanza. Dirishani, Anti aliona shingo ya mwanawe ikiinama taratibu upande mmoja. Aliijua shingo ile.

Chiriku alicheka kwa aibu, akaziba mdomo kwa kiganja, akangoja.

"Hujui? Na hii? Jaribu hii basi."

Alijaribiwa zote tano. Zote alizitazama kwa mshangao mtamu, na kila mwalimu alipomtajia moja, aliirudia vizuri, akamtazama usoni kuona kama amefurahi.

"Anajua, mwalimu!" Anti alikuwa ameshaingia, hakumbuki amepitaje mlangoni. "Anasoma huyu! Soma, Chiriku! Yale ya njiani, soma!"

Chiriku hakuwahi kupigiwa kelele na Anti. Alirudi nyuma hadi ukutani, midomo ameibana.

"Usimtishe mtoto, mama," alisema Mwalimu Mkuu. "Kila mzazi wa hapa wake anasoma, tena nyumbani tu. Nikimleta ubaoni, bubu." Aliinama kwa Chiriku. "Usiogope. Huyu ni nani wako?"

"Anti."

"Anti. Na mama yako yuko wapi?"

Chiriku alimtazama Anti. Jibu alikuwa nalo. Alilisikia karoni Ijumaa, kwa mdomo wa mwenyewe.

"Amekufa."

Nje, wazazi waliokuwa wakichungulia wakaondoa macho yao dirishani.

"Mimi ndiye mama yake," alisema Anti. Ilitoka kama sauti ya mtu anayeomba. "Mwalimu, haki ya Mungu, mimi ndiye niliyemzaa."

Mwalimu Mkuu alimtazama, si kwa ubaya. Alikuwa amechoka tu. "Mama, msimu huu wote naletewa wazazi wa kukodi ili watoto wapate nafasi. Mtoto hadanganyi." Kisha akalegea. "Anakaa wapi?"

"Kituoni," alisema Chiriku, aliyefurahi kupata swali jepesi. "Kwa Baba. Tuna wageni wanatufundisha."

"Oo, kile kituo cha wageni kutoka ng'ambo! Nakijua." Uso wa mwalimu ulikunjuka kabisa. "Sasa mnahangaika nini? Mimi hapa nina watoto wanakaa sakafuni. Huko ana walimu wanaokuja upya kila wiki. Mwache huko huko, mama. Mwakani atakuwa amejua."

Akaita mwingine.

Walirudi kwa njia ile ile. Maandishi yalikuwa pale pale na Chiriku hakuyasoma. Baada ya muda akamshika Anti mkono.

"Nimekosea?"

"Hapana."

"Leo si Jumatatu?"

Anti alikaza mwendo, mtoto akikimbia kidogo kidogo kumfuata.

"Ijumaa turudi, Anti. Ijumaa nitamsomea zote. Atalia."

"Atalia," alisema Anti.

Walipofika getini, gari lilikuwa limeshakuja, na uani kulinuka rangi mbichi. Chiriku alisimama akasikiliza. Kisha, bila kuambiwa, alikaa chini mavumbini, akanyoosha miguu, akavua kiatu cha kwanza, akavua cha pili, akavipangusa kwa kiganja na kumnyooshea mama yake.

"Shika, Anti."

Akakimbia ndani miguu mitupu. Anti alibaki getini na viatu mkononi, bado vina joto. Kutoka darasani alisikia sauti ngeni, changa, ya upole, ikitamka a polepole na kungoja. Halafu kikaja kile kicheko cha aibu, na watu wazima wakacheka naye kwa upendo.