Maziwa ya Wajenzi

Kayitare alisimama katikati ya njia, fimbo ya kuchungia mabegani, akawazuia wanaume waliokuwa wakipanda mlima na miti na nyasi za kuezekea vichwani. Walikuwa wakulima Wakristo wa Lushebere, katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo. Kila kiangazi waliijengea bure familia isiyo na nyumba, na kiangazi kile cha mwaka 1954 zamu ilikuwa yake.

"Rudini," aliwaambia. "Ng'ombe yangu iko na mimba. Ikizala, mutakuja."

Hakorimana, kiongozi wao, alishangaa. "Papa, sisi hatujengi na ng'ombe."

"Muntu hawezi kujenga kwangu, halafu arudi kwake bila kunywa maziwa. Ile njo haya, njo aibu."

Jamani, kiburi cha mfugaji! Ugonjwa ulikuwa umemmalizia mifugo, ukamwachia ng'ombe mmoja tu, na bado alitaka kukaribisha watu kama zamani zizi lilipojaa. Nyuma yake mkewe, Kamaliza, alikuwa akikohoa mlangoni mwa kibanda kinachovuja kila kona.

"Papa Jeannette," alimwita mumewe kwa jina la binti yao, kwa sauti ya chini, "uwape maji. Watakunywa."

Kayitare alinyoosha fimbo, akaziba njia. Wanaume wakatazamana, wakageuza mizigo yao na kwenda kumjengea mjane mmoja wa kilima cha pili.

Ng'ombe alizaa mvua zilipoanza. Maziwa yakawa tele, lakini nani ataezeka nyumba chini ya mvua ya Masisi? Kamaliza alilala kwenye unyevu, kifua kikambana. Kayitare alimkanda, akamchemshia maziwa ambayo hakuweza kuyameza. Kamaliza hakuiona Noeli.

Kiangazi kilichofuata walikuja bila kuitwa. Walijenga nyumba imara, kavu, yenye chumba cha baba na mama. Jioni ya mwisho Kayitare aliwapitishia kibuyu cha maziwa. Angewapa ng'ombe na ndama wake, ili mradi wamrudishie siku ile alipowazuia njiani.

Hakorimana alikunywa, akapangusa midomo.

"Maziwa iko muzuri sana, Papa. Lakini ile siku tulikuwa tumebeba viazi na maji yetu. Tulijua hauna kitu."

Kayitare alimkazia macho. "Mbona hamukuniambia?"

Hakorimana aliinamisha kichwa.

"Tuliogopa kukupatisha haya mbele ya Mama Jeannette."