Wanasema Dereva Yuko Hai

Uchaguzi ulipokaribia, gari la Mgombea liliacha njia kwenye kona ya mteremko, likabingirika hadi bondeni. Redio zilimlilia Mgombea juma zima. Mwanamume aliyekuwa akiendesha alitajwa mwishoni mwa taarifa, kwa maneno manne: pamoja na dereva wake.

Mke wa dereva huyo alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Baada ya msiba alirudi kazini mapema kuliko alivyotakiwa, maana kimya cha nyumbani kilikuwa kimemshinda. Mumewe alikuwa mtu wa simu. Akiwa safarini, alipiga kuuliza wamekula nini. Akiwa sokoni, alipiga kuuliza achukue nyanya zilizoiva au mbichimbichi. Siku nyingine alipiga akiwa mlangoni kabisa, kusema amefika.

"Si ungebisha hodi tu?" mkewe alimuuliza.

"Nilitaka kusikia unavyosema haloo."

Haukupita muda maneno yakaanza kuzagaa. Kwamba Mgombea hakufa. Kwamba ajali ilipangwa na marafiki zake wenyewe ili maadui wamsahau, na sasa amefichwa nchi ya mbali akingoja wakati wake. Watu walikuwa na sababu ya kutoziamini redio. Serikali iliwahi kuwaambia maji ya bomba ni safi huku watoto wakiharisha, na iliwahi kutangaza mshindi watu wakiwa bado kwenye foleni ya kura. Mtu aliyedanganywa kiasi hicho, ukimwambia leo ni Jumanne, atatafuta kalenda kwanza.

Aliyemletea mjane habari hizo ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi simu mwenye meza yake nje ya duka la vyombo. Alikuja mchana, akaegemea kaunta ya dobi.

"Shemeji, toka kidogo. Kuna kitu nataka ukione."

Ilikuwa video. Uwanja wa ndege, watu wanakokota masanduku. Mwanamume mnene anapita, nusu ya uso imefunikwa kwa kitambaa. Nyuma yake anakuja mwingine amevaa kofia, amebeba begi, bega lake la kushoto limeshuka kidogo.

"Wa mbele wanasema ndiye Mgombea," shemeji alinong'ona. "Sasa mwangalie wa nyuma. Mwangalie anavyotembea."

Mjane aliangalia. Akaomba irudiwe.

"Ni bega tu hilo," alisema.

"Bega la nani?"

Mjane alimwambia amtumie.

Alijua anachokijua. Alikwenda mwenyewe chumba cha maiti, akaonyeshwa, akatia sahihi. Lakini saa ya chakula aliingia katikati ya makoti yaliyoning'inizwa ndani ya mifuko ya nailoni, akasimama humo akitazama bega likipita, likipita tena. Akaanza kuweka simu juu ya meza ya pasi, jambo ambalo mwenye duka alikuwa amelikataza. Ikiita namba asiyoijua, aliiacha pasi palepale akaipokea. Siku moja aliunguza goti la suruali ya mteja kwa ajili ya mtu aliyekosea namba, aliyekuwa akimtafuta fundi bomba. Alimsikiliza mpaka mwisho, ajali yote ya sinki na mfereji, kwa sababu tu ilikuwa sauti ya mwanamume inayoomba ushauri.

Shemeji alipomwita kwenye mkutano wa wenzake, alikwenda.

Walikutana Jumapili alasiri katika darasa la masomo ya ziada lililofungwa. Aliyewaongoza, waliyemwita Mchambuzi, alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini na shati lililonyooka. Mjane alipewa kiti cha mbele. Alitegemea kukuta wendawazimu, akakuta watu wa kawaida: muuza mitumba, muuguzi, baba aliyepunguzwa kazi bandarini. Wote walikuwa na macho ya watu walioachwa. Walikuwa wameahidiwa kesho, kisha wakaambiwa kesho yao imefia kwenye kona.

Mchambuzi alichora ubaoni gari, kona na mishale. Kwa nini hazikutolewa picha za maiti? Kwa sababu hakukuwa na maiti. Muuguzi akasema yeye aliziona picha. Mchambuzi akatabasamu: hizo zilitengenezwa. Mjane akaanza kuuona mchezo ulivyo. Ushahidi ukiwepo, umepikwa. Usipokuwepo, umefichwa. Hapakuwa na mlango wa kutokea.

Hata hivyo aliinua mkono.

"Na dereva?"

Chumba kizima kilimgeukia kwa huruma.

"Wako pamoja, mama. Mzima wa afya."

"Mbona hajanipigia?"

"Anakulinda. Akipiga tu, watajua alipo."

"Hata kubipu?"

"Hata kubipu," alisema Mchambuzi taratibu.

Mjane alikaa na jibu hilo. Alikuwa amekuja akitamani kushindwa, akitamani mtu yeyote amwonyeshe kwamba alichokiona hakukiona. Lakini ili mumewe awe hai, ilimlazimu aamini kuna mwanamume anayejua mkewe analia na akanyamaza. Mwanamume huyo angevuka uwanja wa ndege na begi la mwenzake, asitafute hata simu ya kuazima. Huyo hakuwahi kuishi naye.

"Huyo wenu simjui," alisema. "Wangu angepiga."

Minong'ono ilipita nyuma yake. Mchambuzi aliweka kalamu mezani.

"Mama, hatukulaumu. Ila tuambie ukweli, kuna watu walikutembelea nyumbani? Wakakupa chochote?"

Mjane alichukua mkoba wake akatoka. Shemeji alimfuata hadi kwenye ngazi, amefura.

"Umeniaibisha mbele za watu!"

"Mimi nilimwona, shemeji."

"Uliona mtu amefunikwa shuka."

"Nilimshika mguu. Kaka yako alikuwa anavua kiatu cha kulia akiendesha, unajua mwenyewe. Lile sugu la kisiginoni nimelisugua kwa jiwe tangu anioe. Niliomba wanionyeshe mguu kwanza, maana uso niliuogopa. Ulikuwa ni wenyewe. Ulikuwa wa baridi, nikaupapasa kama mjinga, nikidhani utapata joto."

Shemeji aliangalia pembeni. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya mtoto.

"Mlimzika bila mimi."

"Tulikusubiri. Basi lako liliharibika, wazee wakasema haiwezekani kungoja tena."

"Nilifika mnakusanya viti. Mimi sikuona mguu, sikuona chochote. Nilionyeshwa udongo, shemeji. Mtu anakuonyesha udongo, anakwambia huyo ndiye kaka yako."

Mjane alikuwa na maneno makali mdomoni. Yalimyeyuka.

"Mimi nami," alisema, "hiyo video nimeitazama mpaka simu ikazimika."

Walikaa kwenye ngazi, kila mmoja na lake, huku ndani Mchambuzi akiendelea na mishale yake.

Kabla juma halijaisha ilienea kwamba mjane amenunuliwa, amejengewa nyumba na serikali. Wanawake wa bombani walichungulia chumba chake cha kupanga wakitafuta kochi jipya, wakakuta lilelile lililochanika. Wengine waliona hiyo ndiyo janja yenyewe. Shemeji hakumtetea hadharani. Mkutanoni nako hakurudi, na watu walipomletea video mpya mezani kwake, alisema ana kazi nyingi.

Siku moja alikuja tena kwenye kaunta ya dobi.

"Jumamosi unatoka saa ngapi?"

"Mchana. Kwani vipi?"

"Nipeleke."

Hakuuliza wapi.

Makaburini nyasi zilikuwa zimeanza kuota juu ya udongo. Shemeji alizunguka kaburi kama mtu anayetafuta mlango.

"Kichwa kiko upande gani?"

Mjane alimwonyesha. Shemeji akachuchumaa upande huo, akasafisha koo, akamwamkia kaka yake kwa heshima, kisha akaanza kumsimulia: jinsi basi lilivyoharibika, jinsi alivyomsihi kila dereva wa lori aliyepita. Mjane alisogea mbali ili wabaki wawili. Akasimama penye ukuta, jua likimpiga mgongoni, akimwonea shemeji yake wivu kidogo. Yeye alikwisha kumwambia mumewe habari zake zote. Alichotamani sasa ni kusikia zile za mumewe.