Damu Iliyokataliwa

Pale machinjioni walimwita Radi, maana mkono wake haukupiga mara mbili. Asubuhi hiyo mkono huohuo ulisahau komeo la zizi. Fahali akachomoka, akamkuta mdogo wa Radi ameinama anaosha sakafu, akamtia pembe ubavuni.

Hospitalini Radi alikunja mkono wa shati mpaka begani.

"Chukua yote," alimwambia muuguzi. "Usibakize hata tone."

Muuguzi alimtoboa kidole, akapima, akatikisa kichwa. "Pole, kaka. Kundi lako halilingani na lake. Tukimtia hii, tutamuua."

"Basi imwage! Imwage tu!"

Tangu utotoni alisikia kanisani kwamba dhambi haifutwi bila damu. Maisha yake yote alikuwa akimwaga damu ya wanyama, na haikuwahi kumsafisha hata ukucha. Ilibaki yake, nayo imekataliwa.

Alitoka akipepesuka. Kwenye benchi la ukumbini alikaa shemeji yake, mke wa mdogo wake, amekumbatia shati la mumewe. Kabla Radi hajafungua mdomo, daktari alitoka chumba cha upasuaji, akavua barakoa taratibu. "Tumempoteza," alisema. Shemeji alitoa ukelele uliowafanya wagonjwa wainuke vitandani.

Radi alichomoa kisu cha kazi kiunoni, akakielekeza kooni. Makoo aliyajua. Hayakumpa shida.

Shemeji alimrukia, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili.

"Niache, shemeji! Deni la damu hulipwa kwa damu!"

"Kwani msalabani alitundikwa nani, wewe?" alifoka, machozi yakimchuruzika. "Yeye alimwaga yake, wewe unataka kuongezea? Ilipungua wapi?"

"Ile ni ya watu wema."

"Watu wema wangeihitajia nini?"

Radi aliporomoka sakafuni, na shemeji akaporomoka naye bila kuachia mkono.

"Umenisamehe?" Radi alinong'ona.

"Sijakusamehe. Leo siwezi hata kukutazama." Alivuta pumzi kwa shida. "Lakini sitazika wawili mimi. Lete hicho kisu."

Vidole vya Radi vilikataa kufunguka. Ilibidi shemeji avikunjue kimoja kimoja, huku wote wawili wakilia.