Tumbawe la Kilimani

Gaudensi alichoka hata kabla hajafika kwa mama yake. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule kupanda kilima kutoka shuleni kwake Mpui, na ujumbe ni uleule: hama, mama, shuka kijiji kipya cha barabarani. Jibu nalo alilijua.

Wengine wote walishahama kwa amri ya serikali. Alibaki Cornelia peke yake, mjane asiyeweza kuinua hata mtungi, na nyumba yake ya nyasi kando ya kaburi la mumewe. Ila alikuwa mkunga. Kilima kizima kilipita mikononi mwake, na kilimani kwao mwanamke akikwama na uchungu huambiwa aungame majina ya wanaume aliolala nao, ndipo mtoto atoke. Adolfu, balozi wa nyumba kumi, alikuja na amri. Cornelia akamkumbusha, kwa Kifipa kisicho na haya, mkewe alimtaja nani. Adolfu wa watu aliondoka mbio, kofia akaisahau. Mgambo wa pale walipofika, waliitwa kwa majina ya mama zao, wakageuza. Tangu hapo hakuna aliyethubutu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamekutuma tena? Kaa. Ya kuhama sitaki. Nisimulie yule mnyama wako wa baharini."

Kabla ya ualimu, Gaudensi aliwahi kumsaidia mtafiti mmoja pwani. Akasimulia tena, kwa uvivu. Tumbawe laini ni mnyama, japo limeota mwambani kama uyoga. Halina gamba gumu, wala haliwezi kukimbia. Lakini samaki akilidonoa hulitema, maana mwilini limejitengenezea kemikali chungu. Mtafiti alizikamua, akazichanganya na chakula, na samaki wakakitema vilevile. Walioonja hawakurudi.

"Lina akili," alisema Cornelia. "Basi hakuna kinacholing'oa?"

"Dhoruba. Dhoruba haionji, mama."

Cornelia akacheka, akammiminia togwa.

Gaudensi aliporudi alipitia ofisi ya kijiji kipya kutoa taarifa. Katibu Eustaki, aliyehamia kutoka mkoa mwingine, aliuliza huyo bibi ana nini hata awashinde wanaume. Gaudensi miguu ilimwaka moto, alitaka kulala tu. Ulimi hauna mfupa. "Wanaomwogopa ni wale anaowajua," akasema, akaaga.

Alhamisi lori likapanda kilima. Gaudensi alifika akihema, akakuta vijana sita wageni wako juu ya paa, wanang'oa nyasi. Cornelia alisimama uani akiwatupia maneno yake yote, makali kuliko ya siku zote. Wao waliendelea na kazi, mmoja akipiga mluzi. Hawakujua Kifipa, na hakuna hata mmoja ambaye Cornelia alimzalisha mama yake.

Sauti ikamkauka. Ndipo akamwona mwanawe.

"Gaudensi, nani kawaambia walete wageni?"

"Mimi, mama. Sikukusudia. Nilikuwa nimechoka."

Gaudensi aliinamisha kichwa akingoja yale maneno machungu. Aliyatamani hasa, ayameze yote, kwa kuwa aliona aibu isiyo na kifani. Lakini mama yake hakumtolea hata moja.

"Pole, mwanangu," alisema, akajikokota kuelekea kwenye lori.