Waliofuata Mawe

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, Tabby alifika mapokezi ya Jumba la Kamwiri, akapangusa vumbi kwenye simu, akapanga beji za wageni kwenye kikapu, na alipoinua kichwa akamwona Mzee Mutembei wa Kithangani ameketi kwenye benchi la wateja, kofia magotini, kadi ya kliniki mkononi. Tabby alimfahamu. Wiki chache nyuma Ushirika ulituma shada la maua kwenye mazishi ya mzee huyo, na Tabby ndiye aliyeandika jina la marehemu kwenye utepe. Alimwamkia, akamuuliza amsaidie na nini.

"Nimekuja kuona daktari," mzee akasema. "Ako?"

Tabby alimwambia daktari hayuko. Mzee akasema hana haraka, atangoja, ila alitaka kujua kama wadi ya wanaume bado ni ghorofa ya tatu. Tabby akamweleza kwamba ghorofa ya tatu ni idara ya mikopo. Akampa beji. Mzee akaingia kwenye lifti pamoja na makarani wa asubuhi, nao wakasogea kidogo ili apate pa kusimama.

Jumba la Kamwiri liko Makutano, mjini Meru, ghorofa nane za mawe na vioo, na lote ni la Ushirika wa wakulima wa majani chai wa Kamwiri. Halina mpangaji hata mmoja. Majengo ya jirani yana duka la dawa chini, kinyozi juu ya duka la dawa, kanisa juu ya kinyozi, na mawakili huko juu kabisa ambako lifti haifiki. Kamwiri halina hayo. Ukiingia umeingia kwa Ushirika, na ukipanda unazidi kuingia kwa Ushirika. Watu waliopita barabarani na mizigo yao walilitazama kama wanavyomtazama mtu aliyekuja sokoni na suti.

Kabla ya wiki kwisha wagonjwa walikuwa wengi. Walikuja mapema, kama watu wanavyokwenda kliniki, wakiwa wamejifunga leso na sweta za baridi ya mlimani. Mwanamume aliyejikata mguu kwa jembe na kidonda kikaoza. Bibi aliyembeba mjukuu mwenye kichomi, wote wawili wakikohoa. Wote walikuwa wa Kithangani, na wote walikuwa wamekufa tangu mwaka ule kijiji kilipochimba mawe. Hawakusumbua mtu. Walikaa chini kando ya ukuta wa idara ya mikopo, na makarani wakajifunza kuvuka miguu yao bila kuangalia. Shida ilikuwa lifti tu. Wafu walikuwa na uzito uleule waliokufa nao, na lifti ikijaa ililia na kukataa kupanda, basi wafanyakazi wenye magoti mazima wakaanza kutumia ngazi.

Meneja mkuu, Bwana Muriithi, alimwita Ishmael, askari wa langoni, akamuuliza kwa nini anawaruhusu kuingia. Ishmael akasema hawezi kuwazuia.

"Hii mawe ni yao, mkubwa," akasema. "Wakifika wanapapasa ukuta. Mtu akipata jiwe lake, anaingia."

Muriithi alikubali kwamba hilo lilikuwa jibu. Aliitisha kikao cha wakuu wa idara, akasema mwanachama ni mwanachama, na katiba ya Ushirika haina kifungu cha kumtoa mwanachama kwenye jengo lake kwa sababu ya kufa. Akaagiza mabenchi. Mkuu wa idara ya mikopo aliomba yawe ya plastiki, maana nguo za wale watu zilikuwa na unyevu wa udongo.

Katika kikao hicho Kathambi, afisa wa mambo ya wanachama, alikuwa ameketi mwishoni mwa meza. Alitazama kikombe chake cha chai mpaka kikapoa.

Kathambi alizaliwa Kithangani. Ni kijiji kilicho juu ya Nkubu, mahali mashamba ya chai yanapokutana na msitu, na mvua ikinyesha njia ya kushuka Nkubu hospitalini haipitiki. Kuna kijito katikati ya njia hiyo, na watu wengi wa Kithangani wamefia kwenye ukingo wa kijito hicho, wakingoja maji yapungue. Ndiyo sababu Ushirika uliposema utajenga hospitali kijijini, hakuna aliyebaki nyumbani. Mkutano ulifanyika kanisani baada ya ibada. Kathambi alisimama mbele akiwa na ramani ndefu ya jengo, akaikunjua, na Mzee Mutembei akashika ncha moja ili isijikunje. Aliwaonyesha kwa kidole. Hapa chini ni kuandikishwa. Ghorofa ya tatu ni wanaume. Ghorofa ya tano ni akina mama wa kujifungua, na madirisha yake yanatazama mlima. Mtu mmoja akasema hospitali hiyo ni kubwa mno kwa kijiji chao. Kathambi akamjibu kwamba magonjwa nayo ni makubwa, na kanisa likacheka.

Alijua ni ramani ya nini. Muriithi alikuwa amemwambia kwamba makao makuu yatatangulia na hospitali itafuata, kwa kuwa mti hauanzi na matunda, na kwamba hakuna haja ya kuwachanganya wazee na mambo ya utaratibu. Alimwambia pia kwamba ghorofa ya tano ingekuwa na ofisi nzuri, na ofisi ingehitaji mtu.

Kwa msimu mzima watu wa Kithangani walichimba mawe kwenye timbo lao, wakayachonga, wakayapanga nyuma ya kanisa. Wanawake waliyabeba mgongoni kwa kamba ya kichwani. Kaari, wifi yake Kathambi, mke wa ndugu yake Kirimi, alibeba mpaka mimba yake ilipoonekana, na akaendelea baada ya hapo, akisema anambebea mtoto kitanda chake. Kisha malori yakaja. Kathambi aliwaambia wanakijiji kwamba mawe yanapelekwa Makutano kusawazishwa kwa mashine, na yatarudi.

Kaari alifia kwenye ukingo wa kijito, mwezi wa nne wa mwaka uliopita, mtoto akiwa tumboni. Siku hiyo mafundi wa Makutano walikuwa wakiweka vioo vya ghorofa ya tano.

Ndiyo maana Kathambi aliacha kutumia lifti, na alipofika ghorofa ya tatu kwenye ngazi aliharakisha. Alijua Kaari angekuja. Kaari alipofika hatimaye, ilikuwa saa ya chai. Alibisha hodi kwenye ofisi ya Kathambi ya ghorofa ya tano, akaingia, akaweka mkono kiunoni na mwingine kwenye fremu ya mlango.

"Mama Kendi," akasema, akimwita Kathambi kwa jina la binti yake, "ulisema wazazi ni huku juu. Nimefika."

Kathambi alimpa kiti chake. Hakukuwa na kitu kingine cha kumpa.

Uchungu wa Kaari ulikuja na kuondoka kama wa mama yeyote, ila haukusonga mbele. Mkunga hakuwepo, na mtoto hakuwa na wa kumpokea. Kathambi alijifunza kufanya kazi akiwa amesimama, kompyuta juu ya kabati la mafaili. Mikono ya Kaari iliposhika kingo za kiti, aliacha aliyokuwa akiyafanya, akaenda kumsugua mgongo kwa kiganja, pale chini, kama alivyowahi kufanyiwa na mama yake. Wageni waliokuja kuuliza habari za uanachama walingoja mpaka amalize. Wengine walimpa Kaari pole. Kaari aliwashukuru, akawauliza kama wamekutana na daktari kwenye ngazi.

Hakumlaumu Kathambi hata siku moja. Alisifu madirisha. Asubuhi za mawingu machache mlima ulionekana wote mpaka kwenye theluji, na Kaari alisema ni kweli, ni vile Mama Kendi alivyosema, mtu anaweza kuzaa akiutazama. Maneno hayo Kathambi alirudi nayo nyumbani kila jioni. Alianza kukosa hamu ya chakula. Aliacha kwenda kanisani, kwa sababu kila mtu aliyesimama mbele akinyoosha kidole alimfanya atake kutoka nje.

Alikwenda kwa Muriithi, akaomba Ushirika uajiri mkunga, hata wa muda. Muriithi hakuwa mtu mkali. Alimkaribisha kiti, akamweleza kwamba mkunga kwenye jengo ni kukiri kwamba jengo ni hospitali, na jengo likiwa hospitali litahitaji kibali, na mwenye kutoa kibali atauliza mawe yalitoka wapi. Kisha akamuuliza kama mgonjwa amelalamika.

"Hajalalamika," Kathambi akasema.

"Basi tusimletee malalamiko," Muriithi akasema, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Kirimi alikuja siku ya Ijumaa. Alikuwa amesikia kijijini kwamba mkewe yuko Makutano, akangoja amalize kupeleka majani chai kituoni, akaoga, akavaa koti lake la harusi. Alikuja na chupa ya uji wa wimbi na vikombe vilivyofungwa kwenye kitambaa. Alimsalimu Kaari kwa mkono, akakaa chini kando ya kiti, akamweleza habari za nyumbani: ng'ombe amezaa, paa la jiko limevuja, mama yake bado anaumwa ule mguu. Kaari alisikiliza, akauliza ndama ni wa rangi gani.

Baada ya hapo Kirimi alimgeukia dada yake. Hakupandisha sauti.

"Ile siku ya kanisa. Ulikuwa unajua?"

Kathambi alikuwa ameandaa maneno mengi kwa ajili ya siku hiyo, mengine ya kweli, kuhusu kazi, na kuhusu Muriithi, na jinsi alivyodhani hospitali ingefuata.

"Nilikuwa najua," akasema.

Kirimi alimimina uji, akaukoroga, akapuliza mvuke. Matone yakadondoka kwenye zulia. Aliyafuta kwa kitambaa, taratibu, mpaka zulia likakauka kabisa.

"Mshike upande huo," akasema. "Uchungu umerudi."

Walimshika pamoja, mmoja huku, mwingine kule, mpaka ukapita.

Siku hiyo Kathambi aliamua kusema. Mkutano mkuu wa mwaka ulifanyika nyuma ya jumba, chini ya mahema, na wanachama walikuja kutoka vituo vyote vya kununulia majani chai. Kazi yake ilikuwa kutafsiri hotuba ya meneja kwa Kimeru. Alivaa viatu vya chini, kwa kuwa alifikiri huenda akalazimika kukimbia. Muriithi aliposema kwamba Ushirika unajivunia makao yake, Kathambi alichukua kipaza sauti na hakutafsiri. Aliwaambia watu wa Kithangani kwamba jengo lililo mbele yao ni hospitali yao. Mawe ni yao. Ramani ilikuwa ya ofisi tangu mwanzo, naye alijua alipowaonyesha. Hakuna hospitali itakayofuata. Alisema hayo yote akiwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, kisha akangoja.

Bibi mmoja wa Kithangani akainua mkono, akaruhusiwa. Alisema mambo hayo wanayajua, kwa maana watu wao wako humo ndani na wao huja kuwaona. Swali lake lilikuwa kuhusu choo cha ghorofa ya tatu, ambacho hufungwa jioni makarani wakienda nyumbani. Wagonjwa hawana pa kwenda. Je, kingeachwa wazi?

Mwingine akaunga mkono. Wanachama wakapiga kura kwa kuinua mikono, na hoja ikapita bila mtu kupinga. Muriithi alimshukuru Kathambi kwa uwazi wake, akasema ndio moyo wa Ushirika, kisha akaendelea na hotuba kutoka pale alipokuwa amefikia. Kathambi akatafsiri. Watu walipotawanyika baadhi yao walimpa mkono, na mzee mmoja akamwambia asifunge macho anapoongea, haonekani vizuri.

Jumatatu iliyofuata alimwambia Muriithi kwamba anaacha kazi. Muriithi alikataa. Alimuuliza, kwa upole, nani atakaa na yule mama wa ghorofa ya tano. Kathambi alirudi juu, akavua koti, akaanza kumsugua Kaari mgongo.

Mvua za Oktoba zilianza siku ya soko. Zilinyesha bila kupumzika, mlima ukapotea dirishani, na Kaari akaomba asogezwe karibu na kioo ili asikie vizuri. Kabla ya saa sita Kirimi alipiga simu. Alisema kijito kimefurika, magogo ya kuvukia yamechukuliwa na maji, na kuna msichana wa kina Mwirigi, mimba ya kwanza, ambaye walikuwa wamembeba kwa machela tangu alfajiri. Wameketi naye ukingoni. Alisema hayo tu. Kathambi alimsikia akivuta pumzi, na maji yakivuma nyuma yake, kisha simu ikakatika.

Alikaa na simu mkononi. Kaari alimtazama, akauliza kama ni wa nyumbani. Kathambi akasema ndiyo.

Baada ya chai ya saa kumi alisikia lifti ikipanda. Ilipita ghorofa ya tatu bila kusimama. Kathambi aliinuka, akateremsha kompyuta na kuiweka sakafuni, akasukuma kabati na meza mpaka ukutani ili kiti cha pili kipate nafasi. Kisha akaufungua mlango kabla hodi haijapigwa.