Giaboksi Iliyokunja Nne

Niliota usiku wa jana kwamba giaboksi ya gari langu imekaa sebuleni, kwenye kochi la wageni. Haina miguu, lakini ilikuwa imekunja nne.

"Shikamoo, mzee," ikasema.

Nikaitikia marahaba. Giaboksi hiyo ni ya mwaka 1992 na mimi ni wa 1947. Ilifanya vizuri kutangulia kusalimia.

"Nasikia nachukuliwa kesho."

Ni kweli. Gari langu la otomatiki lilikuwa limekataa kupanda hata kilima cha kanisani hapa Korogwe. Injini inanguruma, gari linakaa palepale. Fundi Shemdoe alisema giaboksi imekufa, na watu wa vyuma chakavu wangekuja saa nne asubuhi kulibeba gari zima. Nimeliendesha miaka ishirini na sita. Nilikubali, lakini sikula chakula cha jioni.

"Fundi anasema umekufa," nikaieleza kwa upole, maana ndiyo kwanza ilikuwa inapata habari.

"Alinipima oili?"

"Nilikupima mimi. Aliniuliza, nikamjibu imejaa mpaka kwenye alama. Mimi si mtu wa kubahatisha. Nimesoma shule ya jioni miaka saba, nina cheti."

"Naye akasemaje?"

"Akakubali. Angenibishaje? Ni umri wa mwanangu."

"Ulinipima injini ikiwa imezimwa?"

"Alfajiri, injini ikiwa ya baridi. Ndivyo inavyopimwa oili ya injini."

Giaboksi ikashusha mguu ambao haikuwa nao. "Mzee Singano, ukienda kupimwa presha, daktari anakuzima kwanza?"

Nikafikiri. Hajawahi.

"Basi nipime upya. Gari liwe limepata moto, lisimame sehemu tambarare, injini inaunguruma."

Sebule inakuwa uwanja wa nyumba yangu, saa sita mchana. Mke wangu, Mama Mbelwa, ameinama na pasi ya mkaa, anaupiga pasi uwanja mzima.

"Kanyaga taratibu, Baba Mbelwa," ananiambia. "Hapo kwenye mpapai bado kuna mikunjo."

Naingia garini, nawasha, nakanyaga breki. Kanuni inasema mkono wa gia upite kwenye kila herufi iliyoandikwa kando yake, utulie kidogo. Kumbe herufi zimejipanga foleni, na kila moja inataka kusalimiwa kikamilifu: za nyumbani, za watoto, za shamba. P ni mlinzi, hatoki alipo. R ananisalimia huku amenipa mgongo. N, kila ninachomuuliza, anajibu, "Sisi tupo tu." D hajibu salamu. Anauliza, "Tunaondoka?" L ni bibi kizee mwenye mzigo kichwani, anapanda kwenda Lushoto tangu juzi, na anasema hana haraka.

Namaliza salamu, narudi kwa P, nashuka. Injini bado inaunguruma. Giaboksi inafungua mdomo, nachomoa kijiti cha kupimia. Kinatoka. Kinaendelea kutoka. Nakivuta mpaka getini, nacho ni kikavu.

Nachungulia ndani ya giaboksi. Mle ni darasa letu la shule ya jioni, na gia nne zimekaa kwenye benchi langu. Ya tatu imekonda sana.

"Kila nikisimama nateleza," inasema gia ya tatu. "Oili ndiyo inayotushika, mzee. Injini ikilala, yote inateremka chini kwenye bakuli, inaonekana nyingi. Injini ikiamka, haitutoshi."

"Mbona hamkusema?"

"Tumenguruma mwezi mzima. Ukaongeza sauti ya redio."

Hilo pia ni kweli.

"Saa nne ya kesho inakaribia," inasema giaboksi. "Mwambie Shemdoe aje na oili."

"Nitamwambia kumetokea tofauti ya vipimo."

"Mwambie ulikosea."

"Nitamwambia kwamba, baada ya utafiti zaidi..."

Gia ya tatu inaanza kukusanya madaftari yake.

Nafungua mdomo. Neno linanguruma kooni, linakaa palepale. Najaribu tena, linateleza. Yule bibi kizee mwenye mzigo ananipita. "Punguza mwendo, mwanangu," anasema. "Hivyo ndivyo wenzio tunavyopanda."

Napunguza. Neno linashika, linapanda polepole.

"Nilikosea," nasema.

Nikaamka. Kumekucha. Mama Mbelwa alikuwa amekaa kitandani, ananitazama.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Umesema umekosea. Baba Mbelwa, miaka arobaini na tisa nalala na wewe, neno hilo halijawahi kuingia chumba hiki. Unaumwa?"

Nilivaa, nikatoka, nikawasha gari, nikaliacha mpaka likapata moto. Nikapitisha gia herufi moja moja, bila haraka. Kisha, injini ikiunguruma, nikachomoa kijiti. Nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena.

Kikavu. Kwenye ncha lilining'inia tone moja jekundu, dogo kuliko punje ya mtama.

Nikampigia simu Shemdoe, nikamwambia. Nilitumia neno lilelile.

"Mzee wangu," akasema, "hata mimi juzi nilitaka kupima mwenyewe. Nikaona nitakuvunjia heshima. Nakuja na oili sasa hivi."

Mama Mbelwa alikuwa mlangoni amefunga khanga, ametega sikio.

"Na hao watu wa vyuma chakavu niwaambie nini?"

"Waambie gari haliondoki. Mwenyewe alikosea."

"Sijasikia vizuri," akasema, akavuta kiti, akakaa.

Nikarudia.