Pini ya Kijani

Kwa wiki tatu Nyuki alikuwa akikisingizia cherehani.

Kwanza alisema mkanda umelegea, akanunua mpya. Kisha akasema ni kiu ya mafuta, akakinywesha mafuta hadi kikatia madoa kola mbili nyeupe. Akabadilisha sindano, akabadilisha uzi, akakifungua tumbo na kukisugua ndani kwa mswaki wa zamani. Wapi. Mishono yake ilizidi kwenda mrama. Kwenye pembe, pale anapotakiwa kusimama sindano ikiwa chini ili ageuze kitambaa, cherehani kilipitiliza hatua tatu nne mbele kama punda aliyeona banda lake. Sare thelathini za shule zilikuwa zinangoja, na mifuko ya mashati yaliyokwisha ilikaa upande kama kofia ya mlevi.

Alhamisi asubuhi akamwita mzee anayetengeneza vyerehani. Mzee akaketi, akavua kandambili, akaweka mguu kwenye pedali na kushona mstari mmoja mrefu. Akageuza pembe, akashona mwingine. Akautazama mshono kwa miwani, kisha bila miwani.

"Mwanangu, gari ni zima," akasema. "Kamkague dereva."

Mdogo wake Nyuki, aliyekuwa kwenye kigoda akishona vifungo, alicheka hadi akapoteza tundu la sindano. Huyo walimwita Kifungo, kwa ajili ya kazi yake, na kwa sababu mdomo wake mara nyingi ulikuwa umefungwa. Nyuki naye alipewa jina lake utotoni, siku alipokutwa uvunguni na kopo la asali, kidole kikiwa bado ndani.

"Mchagua jembe si mkulima, dada," akasema Kifungo.

"Nyamaza ushone. Dereva hana tatizo, ana kiu tu." Nyuki akafungua soda yake ya pili, na saa nne ilikuwa haijafika.

Kiu hiyo ilikuwa haina adabu. Ilikuwa naye miezi kadhaa sasa. Alikunywa soda, akanywa maji, akanywa chai ya vijiko vitano ambayo Kifungo aliiita uji, na kila alipoituliza kiu kwa kitu kitamu, ilirudi na ndugu zake. Kwenye droo ya bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, kulikuwa na peremende, na chini ya peremende kulikuwa na biskuti. Alikuwa akienda chooni mara nyingi hivi kwamba mteja mmoja alimtania kwamba anashonea huko.

Na huko chooni, nyumbani kwao, sisimizi walikuwa wameanza kupanga mstari. Nyuki aliwamwagia maji kila asubuhi kabla mdogo wake hajaamka. Hakujiuliza wanafuata nini. Au alijiuliza, lakini upesi upesi, ili asipate nafasi ya kujijibu. Baba yao alikuwa na sisimizi hao hao. Baba aliondoka kwa mafungu: kidole gumba, kisha nusu ya unyayo, kisha mguu mpaka chini ya goti, kisha baba mwenyewe. Tangu hapo ugonjwa ule haukutajwa kwa jina nyumbani. Ikibidi, walisema "ile ya baba", na wote wawili wakatazama pembeni.

Mzee alipoondoka, Nyuki alirudi kushona, peku kama kawaida yake. Mama aliyemfundisha kazi alimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba mkono unaongoza tu, unaoshona ni mguu. Ukivaa kiatu, alisema, ni kama kushona ukiwa umeziba masikio. Miaka kumi na minne Nyuki alisikia kila kitu kwa unyayo wake: sindano inapokaribia kuvunjika, uzi wa chini unapokwisha, kitambaa kinapokuwa kizito mbele. Siku hizi hakusikia sana. Alidhani ni sakafu ya saruji, inatia ganzi.

Saa sita Kifungo alishika ufagio akusanye vipande vya vitambaa. Akafagia kuzunguka meza ya kukatia, kisha akasimama.

"Dada, umejikata?"

"Wapi?"

"Nakuuliza wewe. Kuna damu hapa."

Nyuki akaangalia vidole vyake vyote kumi, akavigeuza. "Sijajikata. Labda ni wewe, si ulikuwa unacheka hovyo."

Kifungo alikuwa ameinama. Damu ilikuwa vitone vidogo, vimepangana kwa hatua sawasawa: kutoka cherehani hadi meza ya kukatia, kutoka meza hadi droo ya bobini, kutoka droo kurudi cherehani. Alivifuata akiwa ameinama vile vile mpaka akafika kwenye pedali. Akapiga magoti.

"Dada. Acha kukanyaga."

"Nina mfuko nusu hapa."

"Nimesema acha. Inua mguu. Taratibu."

Sauti ya mdogo wake ilikuwa imepungua, na hilo ndilo lililomfanya Nyuki atii. Aliupandisha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto na kuugeuza. Katikati ya nyama iliyo chini ya vidole, kichwa cha pini kilikuwa kimetulia kama shanga. Cha kijani. Pini yenyewe ilikuwa imezama yote.

Wakaitazama. Ilikuwa imekaa kama pini inavyokaa kwenye kimto chake.

"Inauma?" Kifungo akanong'ona.

Nyuki alitaka kusema inauma. Alitafuta maumivu mahali pale, kama mtu anayepapasa swichi gizani kwenye chumba anachokijua, na mkono wake ukakuta ukuta mtupu. Kisha akakumbuka jambo jingine. Pini za kijani alizitumia kwenye gauni la mteja mmoja, mwalimu. Gauni lilikwisha Jumanne, na pini zilizobaki zikarudi koponi Jumanne jioni, zisitolewe tena. Alikuwa ameoga na pini ile. Alikuwa amelala nayo siku mbili, ametembea nayo sokoni na kurudi, amepandisha na kushusha pedali juu yake maelfu ya mara.

"Imeingia sasa hivi tu," akasema.

Kifungo akakitazama kichwa cha kijani, kisha akalitazama kopo la pini pale rafuni. Alikuwa na akili ya vitu vidogo. 

Nyuki aliing'oa kwa koleo ndogo ya kutolea sindano. Ilitoka bila ubishi. Nyuma yake yakaja maji meupe kidogo, na harufu. Harufu hiyo waliijua wote wawili. Iliwahi kukaa nyumbani kwao miezi saba, kwenye shuka na kwenye mapazia.

Mkono wa Nyuki ulikuwa umeshanyooka kuchukua soda, apate nguvu, wala hakuufikiria. Kifungo aliiwahi chupa.

"Nipe."

"Sikupi."

"Nitakuzaba kibao, mimi ni mkubwa wako."

"Nizabe. Lakini nizabe tukiwa njiani tunakwenda zahanati."

"Pini ngapi zimenichoma, Kifungo? Nitaweka dawa ya kidonda. Tuna sare thelathini."

"Baba alisema ana kazi ya wiki moja tu aimalize," akasema Kifungo. "Ni ile ya baba, dada. Sisimizi nimewaona. Unadhani unawahi kuamka peke yako?"

Nyuki alivaa viatu. Alipokuwa akifunga kamba, aligundua hawezi kujua kama kiatu cha kulia kimeingia vizuri bila kukitazama.

Pale zahanati, nesi alimchoma kidole cha mkono. Hicho kiliuma, na Nyuki nusura amshukuru. Tone la damu likaingia kwenye kipimo kidogo, wakasubiri. Nesi alisoma, akafuta kioo kwa dole gumba kana kwamba kina uchafu, akasoma tena.

"Sukari ishirini na mbili. Ikifika kumi na moja huwa tunashtuka. Umekula nini leo?"

"Chai," akasema Nyuki.

"Chai na soda mbili, na peremende sijui ngapi," akasema Kifungo kutoka mlangoni.

"Huyu ni nani yako?"

"Mdogo wangu. Ni mpelelezi."

Nesi alitabasamu kidogo. Alimsafisha kidonda, kisha akatoa kalamu fupi iliyokuwa na uzi mgumu wa nailoni kwenye ncha. Nyuki akaukadiria kwa macho: ni unene wa uzi wa kushonea mabegi.

"Fumba macho. Nitakugusa kwa huu uzi miguuni, sehemu mbalimbali. Ukisikia, sema hapo."

Nyuki akafumba. Ni uzi tu, alijiambia. Uzi ndio kazi yangu.

Akangoja. Kulikuwa na kimya, na feni, na mtoto akilia chumba cha pili. Akaanza kuogopa kimya kile. Nesi bila shaka alikuwa na mwendo wake, kama mwendo wa mshono. Akauhesabu kichwani, moja, mbili, tatu.

"Hapo," akasema.

Nesi hakusema kitu.

"Na hapo."

"Mama," nesi akasema kwa upole, "sijakugusa bado."

Nyuki alifumbua macho. Uzi ulikuwa hewani, mbali na mguu wake. Mlangoni Kifungo alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nyuki akahisi woga ukimpanda kutoka tumboni, na akaona kwamba woga nao haukuanzia miguuni. Miguuni hakukuwa na mtu.

Akafumba tena. Safari hii hakuhesabu. Vidoleni hakusikia. Chini ya vidole hakusikia, mguu wa kulia wala wa kushoto. Uzi ulipofika kwenye kisigino cha kushoto ndipo akasema "hapo", kwa sauti ya mtoto.

Daktari alikuwa kijana aliyechoka. Alimweleza kwamba si soda ya leo wala chai ya jana. Wengine hupata kisukari bila hata kupenda vitamu. Yeye alikuwa na baba aliyeugua, na juu ya hilo akajimwagia sukari kila siku kwa miaka, mwili ukashindwa. Sukari ikijaa kwenye damu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, huanzia mbali, huko miguuni. Vidonda huchelewa kupona, na mtu hajui kama anacho.

"Nitakatwa?"

Daktari alikiangalia kidonda tena kabla ya kujibu. "Leo hapana. Kuhusu kesho sitakudanganya. Utameza dawa, utakuja kusafishwa kila siku, hutakanyagia mguu huu, na vitamu basi. Tukishirikiana, naona tunauwahi."

"Unaona, au una hakika?"

"Naona."

Siku kumi na tisa Nyuki alikaa kwenye kigoda akishona vifungo, mguu juu ya mto, na Kifungo akakaa kwenye cherehani. Mifuko ya mashati ilinyooka. Kila kidonda kilipofunguliwa, Nyuki alimtazama nesi usoni badala ya kutazama kidonda, akitafuta mkunjo. Usiku aliota baba akimwomba amshikie kiatu. Mchana kiu ilimwamuru aende kwenye droo, akaenda mara mbili, akakuta Kifungo amejaza humo bobini tupu. Mara ya pili alilia, na si kwa ajili ya peremende.

Siku ya ishirini nesi alisema kidonda kimefunga. Aliwaonya tu kwamba ganzi huenda isiondoke. Tangu sasa viatu vya kufunika, hata nyumbani, na miguu ikaguliwe kila siku.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa duka, Kifungo hupitisha sumaku sakafuni na kuhesabu pini koponi. Nyuki hushona na viatu, polepole, mkono wa kulia ukiwa tayari kwenye gurudumu ili alizuie kwenye pembe. Mguu umekuwa dereva asiyesikia honi. Lakini kabla ya hayo yote hukaa kitini na kumpa mdogo wake unyayo.

Leo Kifungo ameugeuza kwenye mwanga, ametazama kati ya vidole, ameinusa soksi bila haya. Kisha akashika kipande cha uzi wa mabegi.

"Fumba macho, useme kama nimekugusa."

Nyuki akafumba. Huko chini ni kimya, kimya kile kile. Angeweza kusema ndiyo, mdogo wake angefurahi, nao wangefungua duka. Anasikiliza kwa mwili wote, jasho likimtoka mgongoni.

"Sijui," akasema. "Jaribu tena."